Mpelelezi wa Shimo la Ndizi

Jumapili, 6 Oktoba 2024

Leo nimeona filamu nzima, isipokuwa mwisho. Banda la Jean Paul, hapa Nyakisasa senta, benchi la mbele. Filamu ya bwana mmoja mwenye koti refu, si polisi, si mgambo, anapeleleza kwa kujipendea tu. Mama mmoja mzuri kapoteza mkufu. Bwana anatambaa chini, ananusa viatu vya watu, anatumbukia kwenye pipa la rangi. Tulicheka mpaka Mwenyekiti Alfonce akaangusha kofia. Mwishowe mkufu ukaonekana ndani ya kiatu cha mshindani wake! Mama akafungua mikono, bwana akasogea, na jenereta ikaishiwa petroli. Tukamzomea Jean Paul. Mimi sikuhitaji kuona zaidi. Mwanamke akishafungua mikono, kilichobaki ni sherehe.

Njia nzima nimewaza. Nami nina mama mzuri: Speciosa, mjane, ng'ambo ya kijito. Nilimposa Pasaka kwa mdomo wangu mwenyewe. Alisema nimwache kwanza amwoze binti yake Kezia, ambaye wakwe zake wanakuja Jumamosi hii, ndipo ataangalia waposaji. Waposaji! Kumbe tuko wengi. Yule mwingine ni Leonidasi, katekista mstaafu. Ana meno yake yote. Majivuno matupu.

Mshindani ninaye, koti ninalo. Tatizo moja: Speciosa hajapoteza kitu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimekwenda kumjulia hali. Kezia kaniamkia, shikamoo babu. Babu! Mimi ninayetaka kuwa baba yake. Nikaitika marahaba kwa shingo upande.

Speciosa hana habari nyingine ila ndizi zake za pombe. Alizivundika juzi kwenye shimo nyuma ya jiko, migomba yake mwenyewe, mikungu aliyoitunza tangu Kezia avalishwe pete. Anasema pombe ya kupokelea wakwe hainunuliwi. Ukiwawekea ya kununua, hawatagusa mrija, watauliza kama nyumba hii ina mgomba hata mmoja. Binti ataolewa na aibu hiyo kichwani mpaka azeeke. Nikasema kweli kabisa. Nikamwuliza kama shimo halihitaji ulinzi. Akacheka: nani atakula ndizi ngumu zenye utomvu?

Kisha akanikumbusha kwamba siku ya kuvundika aliniita nibebe mikungu, nikamwambia mgongo umekatika. Leonidasi ndiye aliyebeba. "Mwalimu ana nguvu za kijana," akasema, mbele yangu, huku akinimiminia uji. Uji ukawa mchungu.

Lakini hapo hapo akili ikafunguka. Zikitoweka ndizi, ni nani atakayezitafuta? Mwenye koti. Na zitaonekana wapi? Kwenye kiatu cha mshindani!

Leonidasi hana kiatu cha kutosha mikungu. Ila ana shimo.

Jumanne, 8 Oktoba

Siku kuu ya maisha yangu. Mgongo unauma kweli, sasa si utani.

Mchana jumuiya yote ilikuwa kwa Alfonce kusali rozari. Mimi nilituma salamu kwamba mgongo haunipi ruhusa ya kupiga magoti. Leonidasi alikuwa amepanda basi la Nyakanazi kumwona mwanawe, hadi Alhamisi. Njia nyeupe!

Nikachukua toroli. Nikafukua shimo la Speciosa. Wazee walitukanya: shimo likifunguliwa kabla ya siku yake, ndizi hukasirika, haziivi tena. Nikaziomba msamaha, mkungu kwa mkungu. Nikavuka nazo kijito, nikapanda nazo kilima, Mungu anajua nilivyopumua. Shimo la Leonidasi ni kubwa kama kaburi la tembo. Chini kuna ndizi zake, zimekwisha kuiva, joto linapanda kama jasho la mgonjwa wa malaria. Nikapanga za Speciosa juu yake, nikafunika majani, nikarudisha udongo. Nikarudi kufunika la kwake pia, zuri, kama hakupita mtu.

Mawingu yamejaa upande wa Burundi. Na yajae. Mimi nimemaliza kazi.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua! Imepiga tangu alfajiri kama inadai kitu. Kijito kimekuwa mto. Saa nne nikasikia yowe ng'ambo. Nikavaa koti.

Speciosa alikwenda kutazama kama maji yameingia shimoni. Yameingia. Shimo limejaa tope mpaka mdomoni, chura anaogelea. Akapapasa kwa mti: hakuna ndizi. Akaketi kwenye kinu, kanga kichwani. Kezia analia kwamba wakwe watamcheka. Mama naye akawa anasema polepole, mwanangu nimekuaibisha. Nikajikaza. Hata yule mama wa mkufu alilia kwanza.

Nikatangaza mbele ya majirani kwamba mimi Privatus, darasa la nne la zamani, nalichukua jambo hili. Nikatoa miwani yangu, ile ya kioo kimoja, nikalikagua tope. Nikalionja. Nikatoa matokeo ya upelelezi wangu: ndizi zilichukuliwa jana, kabla ya mvua. Aliyechukua analijua shimo hili vizuri. Ana mwili wa nguvu, kwa sababu mikungu ilikuwa mizito. Na baada ya kuchukua alisafiri, ndiyo maana haonekani hapa akitoa pole!

Watu wakatazamana. Alfonce akaniuliza namaanisha nani. Nikasema mpelelezi hataji jina, anafukua. Kesho wote tukutane.

Speciosa akanishika mkono. Mikono miwili! Akasema, "Baba Privatus, ukizipata, sitakusahau." Nimelala na koti.

Alhamisi, 10 Oktoba

Hata kuandika nashindwa.

Tulikwenda wote kwa Leonidasi, mimi mbele na jembe, Alfonce na kofia yake ya kazi, kina mama nyuma. Leonidasi alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye bodaboda, mfuko wa mikate mkononi. Kabla hajasema tumsifu Yesu Kristo, nikapiga jembe kwenye shimo lake. Nikatupa udongo. Nikatupa majani. Harufu ikatoka! Tamu, ya kulevya pua. Mikungu ya Speciosa ile pale, na kamba zake za migomba alizofunga mwenyewe, imeiva njano tupu.

Nikanyoosha kidole: huyu hapa!

Nikasubiri mikono ifunguliwe.

Leonidasi akaapa kwamba hajui kitu. Speciosa akazitazama ndizi, akamtazama yeye, machozi yakaanza kumtoka. Akasema kumbe ndivyo. Kumbe Mwalimu aliyaona mawingu, akajua shimo lake liko bondeni litajaa maji. Akazihamisha kabla ya safari, akaziweka juu ya ndizi zilizoiva ili zipate joto. Zingebaki, leo zingekuwa tope. "Na bado anakataa kujisifu!" Kina mama wakapiga vigelegele. Mmoja akakumbusha lile neno la mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia. Leonidasi akakataa tena. Kila akikataa anazidi kuwa mtakatifu.

Alfonce akasema jambo liko wazi, Mzee Privatus alikwisha kulieleza jana: mtu mwenye nguvu, anayelijua shimo, aliyesafiri jana yake. Upelelezi wangu mwenyewe! Umempandisha mwenzangu mpaka mbinguni.

Nikashindwa kuvumilia. Nikapaza sauti: ni mimi! Mimi ndiye niliyezihamisha!

Walicheka kuliko siku ya pipa la rangi. Kezia alishika mbavu. Speciosa akanipigapiga begani, akasema, "Shemeji, na mgongo huo?"

Shemeji! Jana baba, leo shemeji. Nimeshushwa cheo kabla ya kupanda.

Ijumaa, 11 Oktoba

Wanakamua ndizi tangu asubuhi. Leonidasi yumo kwenye mtumbwi wa kukamulia, suruali imekunjwa, anakanyaga kama kijana, meno yote nje. Nimepewa kazi ya kukaanga mtama wa kutilia pombe, kazi ya kukaa. Nimeunguza sufuria moja. Nimesema moto ni mkali. Wamesema pole na mgongo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Wakwe wamefika, wamesifu. Speciosa akaonja kwanza, kama mwenye nyumba, kisha mshenga wao akavuta mrija, akafumba macho, akasema nyumba hii ina migomba. Kezia aling'aa kama bati jipya. Nami nilifurahi, sitaki kudanganya karatasi. Pombe nzuri kupita kiasi. Ndizi zilizobembelezwa na mimi! Hakuna aliyejua. Nikavuta mrija kwa uchungu, na tena, na tena.

Leonidasi alikaa kwenye mkeka wa wazee wa nyumba, upande wa Speciosa. Baada ya mavuno ya maharage hao wawili watakwenda kwa paroko kufunga ndoa. Alinijia na kibuyu, akaninong'oneza: "Privatus, kaka, ni wewe kweli uliyezileta?" Nikasema ndiyo. Akanishukuru sana. Akasema ataniombea.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimemlazimisha Jean Paul arudie ile filamu, na petroli ya kutosha. Nimeona mwisho. Mama alifungua mikono ili amsukume yule bwana apite! Nyuma yake alisimama mshindani. Wakakumbatiana hao wawili. Mwenye koti akabaki na mbwa.

Nimetafakari sana. Kosa la yule bwana nimelijua: alichagua kitu kikubwa. Mkufu, jambo zito. Na mimi ndizi, jambo zito. Kitu kinatakiwa kiwe kidogo.

Kuna dada yake Speciosa, Theodosia, kutoka Keza. Mjane, mcheshi, jana alicheka kila nilichosema, hata nilipokuwa nasema kweli. Anarudi kwao leo jioni. Baada ya misa mwavuli wake ulipotea kanisani. Mwekundu, mpini wa mbao. Uko chini ya kitanda changu. Nitamwacha autafute, kisha nitatokea na koti langu.

Mvua imeanza. Vizuri, ataukumbuka zaidi. Namwona dirishani akiteremka kwenda stendi chini ya mwavuli wa Mwenyekiti Alfonce, ambaye ni mgane kama mimi. Mwavuli ni mdogo, wamebanana, anacheka.

Hakuna hatari. Alfonce hana koti.