Nta Kwenye Kompyuta

Jumatatu, 7 Septemba

Kompyuta imejaa. Imeandika yenyewe kwenye kioo, kwa jeuri, kama karani. Nimesoma herufi moja moja, na nilipoelewa nikapandwa na hasira. Mimi Damiani nimerina asali Chemba hii tangu nina meno ya utoto, sijaona chombo kinachojaa bila kuongezeka uzito. Nimeiinua. Uzito ni ule ule. Mwongo huyu.

Mashine aliniachia binti yangu Frida, mwalimu, aliponunua mpya. Humo mna hotuba zangu zote: za misiba, za harusi, na ile waliyonikatiza mkutanoni nikaja kuimalizia nyumbani peke yangu. Na mna wimbo mmoja wa marehemu mke wangu Emiliana, anaimba Kisandawe huku anapeta mtama. Haupo kwingine. Mjukuu wangu Domitila anaolewa Jumamosi, anataka bibi yake asikike kabla hajatoka nyumbani. Leo nimeujaribu. Unaanza, unakwama. Emiliana hakukwama hata siku moja.

Shemeji Noeli, kaka wa marehemu, kaja kuchungulia. Kasema nifute hotuba, wimbo upate kupumua. Kasema hata waliozisikiliza walizifuta siku ile ile. Nimemfukuza. Baada ya hapo natafuta karatasi yangu ya ugoro, siioni. Ni Noeli tu huyo.

Jumanne, 8 Septemba

Dawa nimeipata bila kumuuliza mtu. Mzinga ukijaa hufukuzi nyuki, unatundika mwingine kando. Nimenunua flashi dukani kwa Faridi. Akaanza kunieleza namna ya kuhamisha vitu. Nimemkatiza. Sifundishwi kuhamisha na mtu ambaye akisikia nyuki anaingia chini ya kaunta.

Mzinga mpya hupakwa nta, harufu iwavute. Flashi nimeipaka pande zote, nikaichomeka. Nikaiacha kompyuta kivulini, nikakaa mbali nisizitishe hotuba. Nimefukuza kuku. Nimemfukuza Noeli.

Jioni nimekagua. Hakuna hotuba hata moja iliyohama.

Jumatano, 9 Septemba

Noeli kasambaza habari. Kisimani wananiuliza kama hotuba zimeshaanza kutaga. Utani wa shemeji ni ruhusa, najua, lakini una mpaka, na mpaka wake ni kompyuta yangu.

Nimeifungua kwa kisu. Kumbe nafasi inaliwa bure! Ndani limo feni. Feni, mwezi wa tisa, Chemba hii ambako upepo unakuvua kofia. Nimeling'oa, kama unavyotoa sega kuukuu nyuki wajenge upya. Nimefunga, nimewasha. Kwanza ikaenda vizuri. Halafu ikawa moto kama chungu, ikanuka nta, ikazima. Haiwaki tena.

Domitila kapita kuuliza kama wimbo upo. Nimesema upo. Kashukuru, kaenda zake anacheka. Nimemkasirikia sana kwa kuniamini. Ugali umelala.

Alhamisi, 10 Septemba

Nimekwenda kwa Shakila, fundi wa kompyuta pale stendi. Kasema shikamoo babu. Nimesema marahaba, na kwamba mashine imeharibika yenyewe. Kainusa. Kauliza nta imeingiaje. Nimemuuliza kompyuta ya mrina asali alitaka inuke nini, dagaa? Kaomba feni. Lilikuwa kwenye koti. Nimempa, nikatazama barabara.

Kasema diski bado inaonekana nzima, wimbo huenda umepona. Ataweka diski mpya, kubwa, na ile ya zamani ataihamishia mahali pa kile kidroo cha kuwekea CD ambacho sikitumii. Kakivuta kidroo. Karatasi yangu ya ugoro ikamdondokea mapajani. Nikakumbuka niliificha humo mwenyewe.

Noeli sitamwambia. Kaniibia vingine vingi.

Ijumaa, 11 Septemba

Shakila kawasha. Emiliana kaimba palepale stendi, mwanzo mpaka mwisho, ungo unasikika, hata mbuzi wetu yule wa zamani anasikika. Makondakta wakaacha kuita abiria. Shakila kauliza kama aniwekee tena. Nimemjibu kwani ana safari? Aweke.

Kautuma na kwenye simu ya Domitila, bila kuniomba ruhusa. Hilo limeniudhi. Lakini diski mbili kando kwa kando ni mizinga miwili, ndivyo nilivyosema tangu Jumanne. Nimemwambia kajifunza vizuri. Nimempa asali. Kaniomba kitu kimoja tu, nisiifungue mashine tena. Watoto wa siku hizi wanaagiza wazee.

Jumapili, 13 Septemba

Jana wimbo umepigwa. Domitila kalia. Noeli kachuchumaa ukutani, kofia mkononi, mpaka dada yake alipomaliza, kisha kaja kunishika mkono bila neno la utani. Nimemwachia kidogo.

Halafu nikatoa hotuba, kompyuta inarekodi. Nilipofika kwa babu wa babu yangu na mzinga wake wa kwanza, upande wa bwana harusi wakaondoka na bibi harusi. Watu hawana adabu. Nimeendelea. Noeli alibaki, ila alikuwa amelala.

Leo nimeisikiliza. Hotuba nzuri kuliko zote, na feni linavuma juu yake vuuu toka mwanzo mpaka mwisho. Nani alimwambia Shakila alirudishe? Nafasi sasa ipo ya kutosha, lenyewe limebaki linafanya nini humo?

Kisu nimekinoa. Nta ipo juani, inalainika.