Uzinduzi wa Ofisi ya Kodi ya Wamarekani wa Ajijic

Mheshimiwa Mwakilishi wa Balozi, ambaye ametuma salamu kwamba hatafika, Mheshimiwa Mkuu wa Mji, ambaye kiti chake kitupu kile pale kinatuheshimu, Baba Paroko, wajumbe wa Umoja wa Wamarekani wa Kando ya Ziwa, hapa Ajijic, Meksiko, wastaafu, wajane na wajane watarajiwa, wanamuziki wetu wa mariachi tuliowakodi kwa nusu saa, doña Tencha, bibi mwenye duka la tortilla, chapati za mahindi za huku, ambaye mashine yake hapo nyuma ya pazia naomba izimwe kwa muda (mashine inaendelea), na nyinyi mliokuja kwa ajili ya keki: itifaki imezingatiwa.

Mimi, Merle Gundersen, mkaguzi mstaafu wa maegesho ya magari wa Toledo, Ohio, na mwenyekiti wenu kwa muhula wa nne mfululizo (sauti: “Hakuna mwingine aliyetaka!”), naam, bila kupingwa, nasimama mbele ya utepe huu mwekundu nikiwa na furaha isiyokadirika. Ndugu zangu, Mkanada akihamia huku, kodi ya kwao inaishia mpakani. Mmarekani anahama na kodi yake kama konokono na nyumba yake. Hata ukijificha kwenye shimo la panya, serikali yetu inataka kujua shimo hilo lina akaunti ya benki au halina. Ila kwa huruma yake, sisi wa ng'ambo imetuongezea miezi miwili ya kupeleka hesabu, hadi tarehe kumi na tano Juni, yaani keshokutwa. (Minong'ono. Bi. Dottie Kowalczyk, mjane wa seremala, anasimama: “Merle, bahasha niliyokuachia, yenye risiti za wapangaji wangu, iko wapi?”) Swali zuri sana, mama, na maswali mazuri yametengewa muda wake mwishoni.

Kwa faida ya wageni, suala la Bi. Dottie linashughulikiwa kwa kina. Mama huyu anapangisha vyumba viwili, anapokea elfu tisa kwa mwezi. Mwaka jana kamati yangu ilimjazia hesabu zake bure, kwa moyo wa kujitolea, na sasa serikali imemwandikia ikidai kodi ya mtu mwenye pato la dola laki moja na elfu nane. Kodi imezaa kodi! (Bi. Dottie: “Elfu tisa za peso, Merle! Dola mia tano! Wataipiga mnada nyumba aliyonijengea marehemu Stan wangu kwa mikono yake!”) Nimekusikia, mama. Lakini kwenye karatasi palikuwa na alama ya dola, nimeiona kwa macho yangu haya mawili.

(Sauti kutoka nyuma: “Alama hiyohiyo ndiyo ya peso, mzee! Hata kwenye nyanya sokoni!”) Ndugu, sitaki kubishana na umma. Nyanya zimeandikwa arobaini kwa kilo, na alama ya dola mbele. Nilishtuka, sikatai. Tangu nihamie hapa sijala nyanya. (Kicheko kirefu. Mpiga tarumbeta anakohoa.) Cheka tu, lakini takwimu hazicheki! Nilipoingia madarakani, wastani wa akiba ya mjumbe ulikuwa elfu kumi. Nikawashauri mhamishie fedha kwenye benki za hapa, na taarifa zilipokuja nikasoma laki moja na themanini elfu. Mara kumi na nane, chini ya uongozi wangu mahiri! Nionyesheni mwenyekiti mwingine aliyewatajirisha wazee wakiwa wamelala. (Makofi ya mtu mmoja. Ni mkewe.)

Kwa muktadha huo, na baada ya upembuzi yakinifu ulionilazimu kwenda ufukweni Puerto Vallarta kwa wiki mbili kujifunza, Umoja uliazimia kujenga Ofisi ya Msaada wa Kodi yenye ghorofa mbili, lifti, kiyoyozi na wataalamu sita, ili asiwepo tena mjane wa kuhangaika na tarakimu. Mlichanga tisini elfu. Nawapongeza. Utekelezaji umefikia hatua za awali za mwisho, na yaliyobaki ni madogo madogo kama vile kuta. (“Kama vile nini?”) Kuta, ndugu, ni suala la kiufundi.

Sasa nakata utepe. Kodi! Mnajibu “Tulipe!” Kodi! (“Bahasha!”) Uwazi! (“Bahasha!”) Umoja! (“Bahasha, Merle!”)

(Utepe unakatika na pazia linaanguka. Nyuma yake kuna duka la doña Tencha, na doña Tencha mwenyewe, mikono imejaa unga.)

Kabla hamjapandisha sauti, nishukuru. Namshukuru fundi Chuy, ambaye alipoona tisini elfu zetu ni za peso alicheka mpaka akakaa chini, akasema zinatosha msingi wa banda la kuku. Kwa hiyo jengo halipo, halikuwepo, na msingi wake haukuchimbwa. Zilitosha pazia, mkasi, keki, mariachi na Vallarta. Namshukuru pia doña Tencha, aliyetuazima anwani na kututunzia nyaraka zenu zote mahali pakavu penye joto.

(Doña Tencha: “Zile karatasi ulizoniletea kwa boksi, don Merle? Si ulisema zitanifaa? Nimefungia tortilla tangu asubuhi!”)

Tulieni! Tulieni, jamani! (Hakuna anayetulia. Mifuko ya tortilla walizonunua asubuhi inafunguliwa, tortilla zinawekwa mapajani, karatasi zinakunjuliwa. “Nina risiti ya Machi!” “Mimi Agosti!” “Ya Mei imeloa mafuta, lakini imeandikwa kwa maneno: peso elfu tisa!” Bi. Dottie anazipokea moja moja, anazipangusa kwa sketi, analia na kucheka kwa pamoja. “Zote zipo, jamani. Zimetimia. Keshokutwa nazipeleka, na nyumba ya Stan haiendi popote.”)

Mnaona? Nyaraka zimerejeshwa kwa wadau ndani ya muda. Huo ndio ufanisi niliokuwa nauzungumzia! Asanteni sana. Doña Tencha, nifungie kilo yangu ya kila siku, anasa yangu pekee. Ishirini na nne, kama kawaida? Shika dola zako.

(Doña Tencha: “Don Merle, miaka minne nakuambia ni peso, unaniambia nisikufundishe alama ya nchi yako. Basi kwa dola zako nikanunua mashine hii mpya. Mungu akubariki.”)

Kumbe… kumbe mradi upo! Ndugu zangu, Umoja umejenga kiwanda! Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba chini ya uongozi wangu…

(Bi. Dottie anamnyang'anya kipaza sauti: “Mrudishie dola zake, Tencha, leo namlipia mimi. Peso ishirini na nne. Na wewe, Merle, mwanangu, njoo nyumbani jioni, nitakukatia nyanya.”)