Doa Lililonifuata Ufukweni

Jameni, leo sina pa kuuweka uso.

Mnajua kundi letu linatengeneza lenzi pana ya kamera ya setilaiti. (Mnajua kwa sababu huwa sinyamazi.) Michoro ilikuwa miwili: wangu na wa mwenzangu Akinyi. Ukachaguliwa wa Akinyi. Mimi, ambaye hata kiberiti nakihoji kabla ya kukiwasha, sikuridhika. Nikajitolea kuijaribu lenzi yake. Ikifeli, yangu ndiyo ingepanda angani.

Basi asubuhi nikaelekea ufukweni Homa Bay. Lenzi kama hii huona zaidi ya nusu duara na hupenda kupinda mistari iliyonyooka. Upeo wa ziwa ndio rula yetu.

Shangazi yangu, Min Apiyo, akanishika mlangoni na kofia yake ya majani ya kusukwa, pana kama ungo.

"Vaa. Jua hili litakukaanga kama samaki mbuta."

"Shangazi, kuna ushahidi gani kwamba..."

"Vaa! Huo ubongo tumeusomesha, usije ukauivisha bure."

Nikavaa. Nikafunga kamera juu ya kigingi, nikaiinamia kwa nyuma, nikapiga picha. Kwenye ukingo wa juu, doa jeusi! Limepinda kama mwezi mchanga.

Moyo ukaruka. (Kwa furaha. Mungu anisamehe.) Lakini mimi ni mtu wa sayansi. Nikazunguka na kamera hadi ikaelekea mlimani. Doa lipo. Nikaielekeza sokoni. Lipo! Kitu cha nje kingebaki nyuma. Hili linaifuata lenzi. Kwa hiyo limo ndani ya lenzi! (Isomeni tena hoja hiyo. Ni nzuri sana.)

Sikungoja. Nikapigia kundi zima simu ya video, nikawaunganishia picha ya kamera waone wenyewe.

"Akinyi, pole sana," nikasema, sauti ya matanga. "Itabidi tuanze upya."

Daktari, mkubwa wetu, akashusha pumzi. "Hasara hii. Basi tuurudie ule mchoro mwingine."

Mchoro mwingine ni wangu! Nikajikaza nisitabasamu.

"Ngoja kwanza, Daktari," Akinyi akasema. "Ikuze hiyo picha. Mbona doa limesukwa?"

Nikaikuza.

"Omera, ndugu yangu, hebu vua kofia," Akinyi akasema.

"Kofia inahusiana nini na..."

"Vua tu."

Nikavua. Doa likatoweka.

"Vaa."

Likarudi.

"Vua."

Likaenda.

"Vaa tena," akasema Daktari, ambaye alikuwa ameshaelewa zamani.

Mama mmoja aliyekuwa akiparua samaki karibu yangu akasimamisha kisu. "Wuololo! Kijana, unamsalimia nani huko ziwani?"

Simu nzima ikalipuka kwa kicheko. Daktari akafuta machozi, akatoa hukumu: kama lenzi inaonyesha hadi msuko wa kofia pembeni kabisa, imepita.

Kwa hiyo ya Akinyi inaenda angani, na shahidi wake mkuu ni mimi. Tafadhali, yeyote asimwambie Min Apiyo. Atadai kofia nayo ipande.