Mamie Anamlilia Baba Yake

Jumamosi, 16 Desemba 2017

Troyeville nzima, hapa Johannesburg, hakuna mwanamume mwenye bahati kama mimi. Naandika bila aibu. Binti yangu Mamie, miezi saba, ananipenda hadi majirani wanasikia. Kila jioni nikifunga buti kwenda lindoni, mtoto anapiga kelele, jengo zima linajua kwamba Emery anaondoka. Wanaume wengine wanaondoka nyumbani kama paka. Mimi naliliwa!

Huyo Emery ndiye mimi, mtu wa Uvira, Kongo. Amevuka mipaka mingi, amekula vyakula vya watu, akaishia getini kwa matajiri wa Midrand, zamu ya usiku. Shule sikuimaliza. Dunia imenimalizia.

Leo sikukuu ya taifa, jiji zima linanuka nyama choma, nami nimetangaza mpango. Jumapili ya tarehe saba Januari Mamie anabarikiwa kanisani. Kwetu baba ndiye humbeba mtoto kutoka kwenye benchi hadi mbele, watu wote wakitazama, simu zote ziko juu. Kabla ya siku hiyo nitamtembeza. Ziwani, madukani, bwawa la kuogelea. Kiangazi chake cha kwanza hapa duniani! Aizoee mikono ya baba yake.

Mke wangu Médiatrice ni Mrundi, hapotezi maneno. Aliuliza nitalala saa ngapi. Nikamjibu kwamba usingizi ni wa watu wasio na mipango.

Parfait alicheka. Parfait ni kinyozi, saluni yake iko chini ya jengo letu. Médiatrice anasuka nywele humo humo, kwa hiyo Mamie anashinda kutwa kwenye goti la Parfait. Jamaa ana mikono laini kama askofu. Eti mtoto akisumbua kanisani, yeye yupo. "Papa Mamie, usiwe na wasiwasi, nitakupokea mzigo."

Mzigo! Mtoto mwenye jina la mama yangu mzazi!

Jumatatu, 18 Desemba

Zoo Lake. Nilitoka zamu asubuhi, sikugusa kitanda. Suti ya rangi ya divai, kofia pana, miwani myeusi, manukato ya kutosha. Mkongo hamtoi mtoto wake matembezi ya kwanza akiwa amevaa kama anakwenda kununua mkaa.

Nilikodi mtumbwi. Médiatrice akakataa kupanda, akabaki ukingoni na mandazi. Mkono mmoja nimeshika mtoto, mkono mmoja kasia. Mtumbwi ukazunguka palepale kama mbwa anayetafuta mkia wake. Mamie akalia. Nikamwonyesha bata. Akalia. Nikamwonyesha bata mkubwa zaidi. Akalia zaidi. Nikaimba. Bata wakaondoka.

Gogo mmoja, yaani bibi mzee, mwenye mwavuli akapaza sauti kutoka ukingoni: mtoto yule si wa yule mtu, sikilizeni anavyolia! Mlinzi akaja mbio. Mlinzi! Mwenzangu wa kazi! Niliposhuka akaniuliza mama wa mtoto yuko wapi. Nikamwambia kwamba mimi mwenyewe ni mlinzi, tena nina cheti. Akasema, "Eish, bhuti, vua kwanza hiyo miwani." Nikavua. Mamie akanitazama usoni, akaanza kulia upya, kwa sauti nyingine.

Médiatrice alikuja kunitetea. Alikuja anatembea polepole. Ile polepole nitaikumbuka.

Hitimisho: mtoto anaogopa maji. Si mimi. Maji.

Ijumaa, 22 Desemba

Mpango wa pili, mzuri kuliko wa kwanza. Pale madukani yupo Papa Noeli, ndevu za pamba hadi kitovuni. Mtoto gani haogopi kitu kama kile? Nitamkalisha Mamie kwenye goti lake, ataogopa, atanyoosha mikono kwangu, Médiatrice atapiga picha. Picha moja iende Uvira kwa mama. Nyingine kwa Parfait, ajifunze.

Foleni ndefu. Watoto wote walio mbele yetu wanalia. Moyo wangu mweupe! Zamu yetu ikafika. Mamie akakaa kwenye goti la yule jamaa, akashika ndevu, akatulia kama yuko sebuleni kwake. Akatabasamu. Jamaa mwenyewe ni kijana wa Alexandra, jasho linamchuruzika chini ya pamba. Akaniambia tangu asubuhi hajashika mtoto mwema kama huyu.

Nikanyoosha mikono nimchukue. Kelele! Foleni nzima ikageuka. Papa Noeli akaninong'oneza, "Sharp, baba, mwache kidogo tu, hakuna haraka." Ananihurumia! Mtu aliyevaa koti la sufu Desemba ya Johannesburg, yeye ndiye ananihurumia mimi!

Picha nimeituma hivyo hivyo. Mama amejibu kwa ujumbe wa sauti: amefurahi sana kumwona mjukuu anacheka na baba yake, ila ndevu hizo za nini, mwanangu, kwani Afrika Kusini wanazeesha watu haraka hivi?

Sijamsahihisha.

Jumatatu, 25 Desemba

Noeli. Getini.

Magari yanatoka yamejaa mpaka juu, masanduku, maboya, watoto wamelaliana nyuma. Wanakwenda Durban kuona bahari. Mtoto mmoja akanipungia mkono. Nikampungia mpaka gari likakata kona kwenye robot, zile taa za barabarani.

Médiatrice ametuma video. Mamie amekaa mwenyewe! Hashikwi na mtu! Amekaa kwenye kiti cha kunyolea, anajishangaa. Pembeni inaonekana mikono ya mtu, imefunguka, tayari kumdaka. Naijua mikono ile.

Nimeitazama video hiyo mpaka simu ikaishiwa chaji. Hata hivyo, angekaa tu. Mikono ile haikumgusa.

Jumatano, 27 Desemba

Kiangazi cha huku hakijui maana ya kiangazi. Tulikwenda bustanini Bez Valley na mkeka na kuku. Saa nane mbingu ikawa nyeusi, mvua ya mawe ikashuka kama watu wamepanda juu wanatupiga makusudi. Tulikimbia. Kuku alibaki. Suti imelowa, kofia imelala kama chapati.

Nyumbani nguo kavu ilikuwa moja tu, koti la kazi, ambalo lingefuliwa leo. Nikalivaa, nikajinyoosha sakafuni nifikirie mpango mwingine. Nikapitiwa na usingizi.

Nilipoamka Médiatrice alikuwa amekaa kitandani ananitazama kwa namna asiyonitazama siku zote. Akaniambia Mamie alitambaa kutoka kwenye kitenge mpaka kwangu, akapanda tumboni, akatafuna kifungo cha koti, akakaa hapo mpaka mvua ikaisha. Hakulia hata ngurumo zilipopiga. Nikauliza kwa nini hakuniamsha. Akasema, "Ningekuamsha, ungesimama, ungevaa kofia."

Akasema tena, taratibu, kwamba mtoto hataki bata wala Papa Noeli. Anataka mtu akae chini. Basi.

Nimemwelewa mara moja. Vifungo!

Nimekimbia kwa Ignace fundi kabla hajafunga. Nimemwagiza ashone vifungo vya shaba kwenye suti, kifua chote, na mikono kuanzia kiwiko. Ignace aliuliza kama nimepandishwa cheo kuwa jenerali wa nchi gani.

Jumatatu, 1 Januari 2018

Mwaka mpya! Bwawa la kuogelea la manispaa. Joburg yote imo ndani ya maji, kila mtu na redio yake.

Médiatrice alikaa ukingoni, Mamie mapajani, miguu yake midogo inagusa maji kwa mara ya kwanza. Hakuogopa. Aliikunja, akairudisha, akaikunja. Hapo lile hitimisho la ziwani likafa, lakini mimi si mtu wa kulia juu ya hitimisho. Nikaamua nipite mbele yake kwa mwendo wa kiungwana, suti ya vifungo, jua linawaka kwenye shaba, aone.

Sakafu ya ukingoni ina utelezi. Niliingia majini na kofia.

Na Mamie akacheka. Kicheko cha kwanza cha maisha yake! Si tabasamu, kicheko chenye sauti, mpaka mabega yanatikisika. Watu waliokaa karibu walimpigia makofi. Médiatrice alifuta machozi. Wote wamenisimulia. Mimi nilikuwa chini ya maji, nilisikia vuu tu. Nilipotoa kichwa, kicheko kilikuwa kimekwisha.

Jioni nimejiangusha tena kwenye zulia, makusudi, mara kadhaa, kwa mitindo mbalimbali. Jirani wa chini amegonga dari kwa fagio. Mamie alinitazama kama mtu anayesubiri duka lifunguliwe.

Jumapili, 7 Januari

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilitoka zamu moja kwa moja, nikaoga, nikavaa suti ya vifungo. Ignace alikuwa amezisugua zile shaba mpaka kanisa likaona mwanga kabla ya mahubiri. Mchungaji Anatole akaita: baba wa mtoto alete mtoto. Nikasimama. Médiatrice akanipa Mamie, gauni jeupe, soksi nyeupe. Simu zikapanda juu.

Benchi la kwanza, kimya. La pili, kimya. Nikasema moyoni, Emery, umeshinda. Benchi la tatu akatambua kwamba hanitambui. Akapiga yowe hata mpiga kinanda akaacha kupiga. Akajipinda begani kwangu, akanyoosha mikono yote miwili nyuma, kwa Parfait.

Parfait aliona. Jamaa akainama chini ya benchi haraka, anajifanya anafunga kamba za viatu, mtoto asimwone. Viatu vyake vile havina kamba. Vya kutumbukiza.

Mchungaji akanisogelea, akauliza kwa sauti ndogo kama mama amchukue. Nikakataa. Madhabahu iko pale, hatua chache, na mimi nimefanya kazi kiangazi kizima kwa ajili ya hatua hizo. Nikataka kuendelea. Nikamtazama mtoto. Ndipo nikaona si deko, wala si hasira, wala si mavazi. Alikuwa anaogopa. Mtoto wangu alikuwa mikononi mwangu na anaogopa, kama mimi nilivyoogopa siku za kwanza katika jiji hili kila mtu aliponishika bega.

Nikaita kwa nguvu: "Parfait! Toka huko chini, kiatu hicho hakina kamba!"

Kanisa likaangua kicheko. Parfait akaja amejikunja kama ndiye mkosaji. Nikampa mtoto. Kimya. Yule mtoto alinyamaza kama redio iliyozimwa, akaweka shavu kwenye koti lake, huku kifua kikiendelea kurukaruka.

Mchungaji Anatole akatutazama mmoja mmoja. Akauliza, kwa utaratibu wa kanisa, baba ni nani hapa. Nikajibu, "Baba ni mimi. Huyu ni mikono." Wamama wa mbele wakasema amina, sijui kwa nini.

Maombi yalikuwa marefu. Katikati nilishika mguu mmoja wa Mamie, ule wa kushoto, soksi ilikuwa imeanza kuchomoka. Hakuuvuta. Nilikaa nao mpaka mwisho.

Nje Parfait alikuwa na macho mekundu. Akasema, "Mkubwa, nisamehe." Nikamwambia anyamaze, ananuka mafuta ya nywele. Akasema nikitoka zamu niwe napita saluni, nikae tu pale, sina haja ya kufanya chochote, mtoto atanizoea. Nikamwambia nitafikiria.

Jumatatu, 8 Januari

Nimefikiria.

Kosa lilikuwa vifungo. Vilizidi. Viliakisi taa za kanisa vikamchoma mtoto macho, jambo la kawaida kisayansi. Na bwawa ni maji ya kopo tu, mtoto mwenye akili hawezi kuvutiwa nayo. Mamie anahitaji bahari. Kiangazi kijacho, Durban! Nimeshaiona kofia ya safari hiyo, ipo dirishani pale mjini, nyeupe, ina utepe.

Leo msimamizi wangu alinipigia. Kuna nafasi mbili, nichague. Moja ni zamu ya mchana kwenye geti dogo, mshahara mdogo, jioni niko nyumbani. Ya pili ni kubaki usiku na kuongeza Jumapili zote. Médiatrice alikuwa anasikia. Alisema neno moja, mchana, akaendelea kukunja nguo.

Nimechukua Jumapili. Bahari haiji yenyewe Troyeville. Nilimweleza vizuri, na hesabu ya kofia. Alikunja shati langu la kazi, akalikunjua, akalikunja tena.

Saa kumi na moja nikafunga buti. Mamie yuko kwenye zulia na kijiko. Nikavuta kiti kikapiga kelele. Nikakohoa. Nikasimama mlangoni na begi, nikasema, "Mamie, baba anaondoka." Akakipiga kijiko sakafuni. Nikasema tena. Akakigeuza, akakipiga upande wa pili.

Naandika haya getini, kabla magari hayajaanza kurudi. Ile bahati ya ukurasa wa kwanza si kweli. Kelele za jioni ni za kutaka uji. Nikiondoka halii. Hulia nikirudi.