Uzinduzi wa Majaribio ya Jani la Tumbo

Mheshimiwa mgeni rasmi ambaye ametuma mwakilishi, mheshimiwa mwakilishi ambaye yuko njiani, wakurugenzi na makaimu wakurugenzi, wajumbe wa kamati kuu na wa kamati ndogo inayoisimamia kamati kuu, mganga mkuu wa zahanati, mke wangu aliyenichagulia tai hii, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na niliyemsahau ajihesabu ametajwa. (Makofi. Mtoto analia.)

Mimi, Mratibu wa Programu ya Majaribio ya Tiba za Asili za Tumbo, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, ambao wengi wamenisifia, kuwatangazia kwamba jani la tumbo, lile ambalo bibi zetu walilichemsha kila mtu alipoharisha, kuanzia leo halitachemshwa ovyo ovyo bali litachemshwa kisayansi, kwa mpango mkakati, kwa fremuweki shirikishi na kwa bajeti, hususan bajeti. (Vigelegele kutoka meza kuu.) Tayari utafiti wa awali, tulioufanya kwenye semina katika hoteli tulivu yenye bwawa la kuogelea, umebaini kwamba asilimia tisini na nne ya washiriki hawakuharisha kabisa. (Kicheko.) Asicheke mtu, hiyo ni data.

Naona mama mmoja ameinua mkono. Sema, mama. (Mama: "Mwanangu anaharisha tangu juzi, macho yameshaingia ndani. Spika zilipita mtaani zikisema dawa inatolewa leo. Nipeni basi, mimi sikuja kusikiliza hotuba.") Ahsante sana kwa mchango wako, umenigusa, wewe ndiye mdau wetu hasa, na nakuhakikishia kwamba suala la mwanao limeingizwa katika awamu ya tatu. (Mama: "Atafika hiyo awamu ya tatu?") Swali zuri, kamati italichukua.

Muuguzi! Unampa nini mtoto? (Muuguzi: "Maji ya chumvi na sukari, mzee. Amekauka.") Hebu subiri kidogo, dada yangu, mpiga picha hajafika, na huyo ndiye mgonjwa pekee tuliye naye! (Minong'ono. Muuguzi anaendelea kumnywesha, kijiko kwa kijiko, na mtoto ananyamaza.) Mnaona? Ametulia! Katibu, andika: mgonjwa mmoja kati ya mmoja amepata nafuu, asilimia mia, na hatujachuma hata jani! (Meza kuu yote inasimama. Mama: "Mungu akubariki, dada." Anamwambia muuguzi.)

Sasa itikieni kwa nguvu! Jani letu! (Wachache: "Fahari yetu!") Tumbo salama! (Mmoja: "Na maji ya bomba je?")

Kwa kumalizia, niwashukuru kwa dhati vijana wa usafi, ambao kwa kutambua uzito wa siku hii walifyeka magugu yote nyuma ya zahanati na kuyachoma, tukapata pa kusimamisha hema hili. (Sauti nyingi: "Lakini hayo ndiyo yalikuwa majani ya tumbo!") Hayo? Mbona hakuna aliyenionyesha? Basi, ndugu zangu, tulieni, mradi haujafa, bado tuna... Mama! Mama, unakwenda wapi? Mrudishe huyo mtoto, tafadhali, ndiye mradi wote tulio nao!