Mashine ya Unga Yapaa Angani

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Leo nimeokoa familia, ingawa familia yenyewe bado haijajua.

Mambo yako hivi. Mpwa wangu, binti wa dada, amegeuza chumba cha mbele kuwa ndege. Skrini tatu, usukani, pedali, na kiti alichokitoa kwenye gari bovu. Unakaa, unaruka, unatua, chai yako haijapoa. Ukiuita mtambo huo mchezo wa kompyuta, ananuna. Wiki iliyopita alikuja kuuona mkuu wa chuo cha urubani. Mama mrefu, hacheki, anatembea kama rula. Anatafuta mahali pa kuwazoesha wanafunzi wapya kabla hajawakabidhi ndege ya kweli. Alipenda kila kitu isipokuwa kimoja. Ndege unayoiendesha wewe inanguruma vizuri. Lakini zile nyingine, zinazoendeshwa na kompyuta yenyewe, zinazopita na kutua na kupanga foleni, zote sauti moja. Mbu ndani ya chupa! Akasema mwanafunzi lazima amsikie mwenzake anakuja kabla hajamwona. Atarudi Jumamosi. Akiridhika, mpwa kapata kazi. Asiporidhika, dada ameshakata shauri: mitambo inatoka, binti anakwenda kuuza misumari dukani kwa baba yake mdogo.

Misumari! Mtoto anayejua kutua kwenye ukungu!

Nikasimama katikati ya chakula, nikasema hili niachieni mimi. Dada akauliza niachiwe nini. Sauti, nikamwambia. Mimi niliyekulia viwanja vya ndege! Niliyemwambia rubani kwamba injini yake ya kushoto ina mafua, akashuka na kunipa shikamoo mbele ya abiria!

Dada akaniomba nimpitishie chumvi.

Jumanne, 4 Machi

Mpwa amenieleza kazi. Kinatakiwa kipande kifupi cha sauti, kinachojirudia bila kukoma, mkia ukiishia pale kichwa kinapoanzia. Yeye anaandika ile sehemu ya kompyuta inayofanya sauti ivimbe ndege ikikaribia na ikonde ikienda zake. Nikamwambia hilo lake ni dogo. Kubwa ni koo.

Nikajifunika blanketi, simu mdomoni. Nikanguruma! Nikanguruma mpaka blanketi likalowa. Tukaiweka kwenye ndege kubwa. Ikapaa. Moyo ukapaa nayo. Mara ikanyamaza, ikafanya hiiih, ikaendelea.

Ndege yangu inavuta pumzi angani.

Mpwa, kwa heshima zake zote, akasema Mjomba, abiria wataomba kushuka. Hapo kinyozi wa mlango wa pili akachungulia dirishani. Mtu hana haya. Akauliza ni mbuzi wa nani anakabwa humu ndani. Kisha akaleta mashine yake ya kunyolea, akaiwasha karibu na simu. Zzzrrr. Mpwa akaruka juu: hiyo ndiyo ndege ndogo yenyewe hasa!

Ya kinyozi! Imewekwa. Iko hewani. Inatua na kuruka mbele ya macho yangu.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Huyu anaishi kwa kukata za wenzake.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Nimepata!

Dada alinituma kusaga mahindi. Nimefika mlangoni pa mashine, ardhi inatetemeka, meno yanagongana mdomoni. Nikasimama na gunia kichwani kama mtu aliyeona malaika. Injini ile, ukifumba macho, ni ndege ya abiria mia tatu, na mizigo yao.

Mwenye mashine tunamwita Pumba, kwa sababu ndiyo rangi yake. Nikamwambia injini yake inakwenda kuruka duniani kote. Akachukua kitambaa akaifuta. Tangu aizindue hajawahi. Nikawaomba kina mama wa foleni wakae kimya, ni kazi ya kitaalamu. Wakaitikia haraka sana, kwa adabu ya kunifurahisha. Nikalaza simu juu ya gunia, ubavuni mwa injini, nikatoka nje pumzi zangu zisije zikaharibu.

Huko nje nikawaeleza wabeba mizigo jinsi mabawa yanavyokazwa. Mmoja akauliza kama ndege ina gia ya nyuma. Nikamjibu ipo, ila ni siri. Akatokea dada, anafoka, unga wa mchana uko wapi? Nikamwelekeza ndani akashike foleni. Nilikuwa na wasikilizaji.

Jioni mpwa akasikiliza mwanzo wa rekodi. Akanikumbatia! Akasema Mjomba, hii ni ngurumo ya kweli. Kinyozi alikuwa dirishani. Uso kama amejikata na wembe wake mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Mpwa alisema nisiguse chochote, kipande atakikata mwenyewe. Halafu akatoka kwenda kutafuta waya. Sasa, unamwacha mtaalamu na kazi nusu, unategemea nini?

Nimekata. Sikuchukua mwanzo, ule mwembamba. Nimechukua katikati, pale injini iliponona, mahindi yamejaa kooni. Nikaiweka kwenye ndege kubwa zote. Zote! Kisha nikaikagua kisomi. Mjinga angetia sikio kwenye spika. Lakini nani hutia sikio kwenye ndege? Ndege husikilizwa kwa mbali. Nikaenda uani, nikasimama nyuma ya kamba ya nguo. Safi. Nzito. Shuka la dada lilikuwa linatetemeka, au labda ni upepo.

Mpwa aliporudi akauliza kama nimesikiliza vizuri. Nikaapa kwa sharubu zangu. Akajaribu ndege moja iliyokuwa mwisho kabisa wa kiwanja. Ikanguruma kwa mbali kama radi ya kijiji cha pili. Akaridhika, akarudi kwenye hesabu zake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimewaalika watu. Mtaa mzima lazima ushuhudie. Nikaenda kunyolewa nipendeze. Kinyozi akanyoa huku akinieleza jinsi ndege yake ndogo inavyosifiwa. Nikageuka kumjibu.

Nina nusu ya sharubu.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiruka mistari. Kwa furaha, nadhani.

Mkuu wa chuo kaja. Kakaa, kafunga mkanda. Nyuma yake dada na sinia la vikombe, kinyozi, Pumba ndani ya shati lililofuliwa, na mlangoni vichwa vimepangana kama mikungu ya ndizi. Akapaa. Ikapita ndege ya kinyozi, zzzrrr. Mkuu akatikisa kichwa kukubali. Nikaumia.

Kisha ikaja yangu! Mbali kwanza, mmmm, kama dunia inanung'unika. Ikasogea. Sakafu ikaanza kuimba. Nikawa nasema kimoyomoyo, njoo mwanangu. Ikakaribia kabisa, bawa kwa bawa, na kutoka ndani ya ngurumo, wazi kama redio, ikatoka sauti ya dada:

"...na uwanja wa ndege kafika mara moja tu, tulipokwenda kumpokea shangazi! Kafika kwenye ngazi za umeme, kavua viatu! Ati asizichafue. Ngazi ikampandisha, viatu vikabaki chini. Kageuka kuvifuata. Anashuka, ngazi inapanda! Anashuka, ngazi inapanda! Watu wamejaa. Sasa, mama wee, hapo ndipo..."

Na sauti ya Pumba: "Nani anafuata?"

Na tena: "...na uwanja wa ndege kafika mara moja tu..."

Ndege ikapita. Sauti ya dada ikakonda, ikaenda zake na mkia.

Mpwa kajifunika uso. Dada anaangalia sinia. Pumba peke yake ndiye aliyefurahi, akawa anawaambia watu huyo aliyeuliza nani anafuata ni mimi, mimi huyo.

Mkuu hakucheka. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Kisha akakata usukani! Aliiacha njia yake yote ya safari, akaanza kuifukuza ile ndege. Akaifikia, akajibanza ubavuni, sikio mbele. Anashuka, ngazi inapanda, hapo ndipo... Nani anafuata? Akaiacha, akaikimbilia nyingine. Ileile. Akateremka karibu na foleni ya ndege zinazosubiri kuruka, na huko zote zilikuwa zinanisema, kila moja imeanzia pake. Moja inavua viatu, nyingine imeshafika juu.

Akatua. Akafungua mkanda. Akauliza, kwa sauti ya ofisini, mwenye viatu ni nani. Chumba kizima kikaninyooshea kidole. Kinyozi alitumia mikono miwili.

Akaniuliza basi ikawaje.

Nikamtazama mpwa. Macho yake yalikuwa yanauza misumari tayari. Mtu mzima nina heshima yangu, lakini kuna siku heshima inabidi ivue viatu. Nikasema. Nikamweleza kwamba nilitembea, nikatembea, mpaka mlinzi akabonyeza kitufe chekundu na ngazi za jengo zima zikasimama. Kwa ajili yangu! Nikashuka polepole kama bwana harusi, nikavaa viatu, umati ukapiga makofi.

Dada akasema kutoka nyuma kwamba hakuna aliyepiga makofi, na kwamba viatu alivyovaa huyu vilikuwa vya mtu mwingine.

Mkuu akaanza kutikisika begani. Kisha shingo. Kisha rula nzima ikapinda, yule mama akacheka mpaka akashika usukani asianguke, na ndege ya watu kwenye skrini ikaingia majanini.

Alipofuta machozi akanyooka tena. Akamwambia mpwa kwamba kwa kuzifuata ndege zile alijua kwa sikio tu ipi inakuja, ipi inaondoka, ipi iko kushoto. Ndicho alichokitaka. Wanafunzi wataanza mwezi ujao! Kwa sharti kwamba watu watolewe ndani ya injini, na yule bwana asiguse mtambo tena maishani.

Mpwa akapiga ukelele, dada akaachia sinia, vikombe vikafa kishujaa. Tumeshinda! Bila ngurumo yangu, angezifuata zile ndege kwa lipi?

Yule bwana aliyemsema nadhani ni kinyozi.

Jumatatu, 10 Machi

Mpwa ameweka neno la siri kwenye kompyuta. Ni vizuri, kinyozi asiingie. Amekwenda mwenyewe kwa Pumba, mashine ikiwa haina watu, karekodi upya. Asubuhi nikamsikia akizungumza na Mkuu kwenye simu: bado inakosekana sauti ya jeti ndogo, ule mluzi mwembamba. Akanigeukia, akaniambia Mjomba, tafadhali, hii si yako, ipo kwa watu wanaorekodi kitaalamu.

Kitaalamu! Nimemwelewa mara moja. Mtoto ana aibu ya kuniomba.

Naandika nikiwa kwa daktari wa meno. Mashine yake nimeisikia tangu barabarani, mluzi mtupu, jeti tupu! Nilimwomba aiwashe tu nirekodi. Akasema haiwashwi bila jino. Basi, nimekaa kitini, simu kifuani. Na safari hii nimetumia akili: hakuna foleni, hakuna dada, na mtu pekee aliyemo mdomo wake utakuwa wazi. Nani atazungumza?

Anavaa glavu. Ameniuliza linalouma ni lipi. Nimemwambia achague mwenyewe, mradi liwe na mwangwi.