Chupa Mbili za Kombe

Leo nimefedheheka ndani ya nyumba yangu, na aliyenifedhehesha ni mamangu mzazi.

Binti yangu Rukia ana mtihani kesho, wa kuingia shule moja ya sekondari kule Kizingo. Tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu mdomoni. Mchana alikaa mezani na mwalimu wake wa hesabu, Salim, kijana ninayemjua tangu azaliwe. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikamweleza vile nilivyojiandaa mimi kwa mtihani kama huo, miaka ya tisini: nilipanga vifaa mapema, nikala, nikalala, nikaingia nimetulia, nikamaliza wa kwanza. (Hotuba hii naitoa kila mwaka. Nimeihifadhi.)

Mama alikuwa pembeni anachambua mchicha. Akasema bila kuinua kichwa, "Wamdanganyia nini mtoto? Mwambie ya uzi mwekundu."

Basi. Nikasimulia mwenyewe, maana angesimulia yeye angetia chumvi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Tulikaa Kibokoni, ghorofa ya juu, na chini yetu alikaa Bi Zuhura, mamake Salim, mimba yake ya kwanza na siku zimefika. Jioni hiyo mama alirudi kwa maalim na chupa mbili za kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi, mtu anywe apate baraka. Moja yangu, ya mtihani. Ya pili ya Bi Zuhura, ajifungue salama, nayo ikafungwa uzi mwekundu shingoni. Zote chupa za soda, zote maji ya manjano. Harufu ile! Mpaka leo nikiisikia namuona marehemu baba kajilaza karibu na redio, na huko barazani watu wanasalimiana bila kumaliza, na moyo wanilegea.

Baada ya magharibi nikaanza kujiandaa. Kwa utulivu (ndio huo). Penseli nne, rula, kifutio. Nikatafuta cha kuvifungia pamoja. Nikauona uzi shingoni mwa chupa, nikaufungua.

Mama akaniita kutoka jikoni, ninywe kombe langu, lile lisilo na uzi. Nikatazama. Yote mawili hayakuwa na uzi. Nikachagua moja, nikapiga bismillahi, nikanywa mpaka tone la mwisho. Mama akaja akachukua chupa iliyobaki, akashuka nayo kwa Bi Zuhura. Aliporudi akaziona penseli zangu.

"Uzi huu umeutoa wapi?"

Nikamwambia. Mama akaiinua chupa niliyoimaliza, akapapasa mdomo wa chupa, uliomeguka kidogo. Akaijua: ndiyo chupa aliyopewa na Bi Zuhura ya kutilia kombe lake. Akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. (Alhamdulillahi, alikalia upande usio na meno.)

"Mwanangu," akasema, "umekunywa ya kuzalia."

Usingizi ukaniruka. Nilishika tumbo mpaka alfajiri. Baba alinieleza kwamba kombe ni dua tu, halimzalishi mtu asiye na mimba. Mimi nilikubali, tumbo halikukubali. Asubuhi, katikati ya mtihani, likanguruma. (Njaa. Nilikataa chai.) Nikalikumbatia dawati. Msimamizi akaja, akaniuliza kwa upole naumwa nini.

Nikamwambia kweli: "Nimekunywa ya kuzalia."

Walicheka wote, na msimamizi naye. Ndipo nilipomaliza wa kwanza: nilikusanya penseli na uzi wake nikatoka, nusu ya maswali sijayagusa. Shule ile sikuipata. Nikaenda nyingine, kule Tudor, nikaipenda, na huko ndiko nilikokutana na babake Rukia.

Nilipofika hapo katika kisa, Rukia alikuwa amelalia meza, anacheka mpaka machozi. Salim hakucheka. Kisa hiki hakuwahi kukisikia. Mamake alifariki yeye angali mdogo. Akauliza polepole, "Kwa hivyo mamangu alikunywa ile ya mtihani?"

"Yote," mama akamjibu. "Ukazaliwa alfajiri ile ile."

Salim akatabasamu, akaliinamia daftari la hesabu kwa muda mrefu kuliko hesabu yenyewe ilivyohitaji. Mimi nikajifanya nafuta meza. Nilimkumbuka Bi Zuhura, nikalia kidogo, siwafichi.

Rukia akavuta sahani akala, mara ya kwanza leo. Kisha akaniuliza, "Kumbe ulifeli na maisha yakaendelea?" Yakaendelea, nikamwambia, mpaka nikakupata wewe.

Jioni hii mama amemletea kombe lake. Nimeikuta chupa mezani, Rukia ameibandika karatasi kwa herufi kubwa: YA MTIHANI. MAMA USIGUSE.

Mkicheka chekeni polepole. Mtoto amelala.